Tawi limepitisha azimio la kazi za jamii na ujumuishi: tuanzie wapi lisiishie kwenye fulana na picha?

Mjumbe_wa_Tawi aliuliza:

Wakuu, salaam. Tawi ni la chama cha wafanyakazi wa umma, wanachama 340 waliotawanyika vituo 11: ofisi, shule, zahanati na ghala moja. Mkutano mkuu umepitisha azimio la mistari miwili tu: tawi lijihusishe na jamii inayolizunguka, na kila mwanachama ajumuishwe bila kubaguliwa. Kamati tendaji ya watu 9 imegawanyika. Kuna wanaotaka tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, zichapwe fulana, upelekwe msaada kwenye kituo fulani, zipigwe picha, basi. Wengine wanataka kazi ya kudumu lakini hawana mpango kwenye karatasi. Fungu ni dogo, linatokana na sehemu ya ada inayorudi tawini.

Naomba wenye uzoefu wa kuendesha haya: kipi kitangulie, fedha zisimamiweje, na tutajuaje wanachama wangapi wana ulemavu bila kumwanika mtu?

---

Kipimo_Mkononi:

Tangulizeni mkutano wenu wenyewe. Chama kinachopeleka msaada nje huku mwanachama wake kiziwi anakaa saa 3 ukumbini bila kuambulia kitu kitaumbuka mapema.

Fanyeni ukaguzi wa ukumbi. Unahitaji tepu ya kupimia, simu yenye kipimo cha mteremko, na watu 3, angalau mmoja wao awe anatumia kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Anzeni getini, mwende hadi kwenye kiti, kisha chooni, kisha kwenye sanduku la kura. Andikeni kila mahali mnapokwama.

Mteremko wa kuingilia usizidi 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo iwe na sentimita 12 za urefu; kwenye simu isome chini ya digrii 5. Mlango upimwe upana wa kupita, yaani kutoka uso wa mlango uliofunguliwa hadi kwenye fremu ya upande wa pili, upatikane usiopungua sentimita 80. Wengi hupima fremu kwa fremu, wanaandika 90, halafu kiti kinagoma. Kwenye milango ya mabawa mawili, bawa moja huwa limepigwa komeo na ufunguo hajui nani anao. Chooni hakikisheni kiti kinaweza kugeuka (duara la mita 1.5), na kwamba hakijageuzwa stoo ya mifagio. Hilo la mifagio mtalikuta, nawahakikishia.

Ukalimani wa lugha ya alama: wakalimani ni wawili, wanapokezana kila dakika 20 hadi 30. Mmoja akiachiwa mkutano mzima, ubora unaporomoka baada ya nusu saa na anayeumia ni kiziwi, si mwandaaji. Wapewe ajenda, taarifa ya mweka hazina na orodha ya vifupisho siku 5 kabla. Wasisimame mbele ya dirisha, maana watageuka kivuli. Na mtu akizima taa ili projekta ionekane vizuri, mkalimani naye amezimwa.

Kipaza sauti kitumike hata kama msemaji anajisifu kwamba sauti yake inatosha. Anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia hutegemea sauti iliyo karibu na isiyo na mwangwi. Swali likitoka nyuma ya ukumbi, mwenyekiti alirudie kwenye kipaza kabla ya kujibu.

Kura ya siri kwa asiyeona: tengenezeni kigezo cha karatasi ngumu chenye tundu mkabala na kila jina, namba zikiwa kwa nukta nundu. Kinachoharibu ni kutengeneza kigezo kwa kutumia rasimu, halafu karatasi halisi inachapwa mistari ikiwa imesogea sentimita moja, na kura inaangukia kwa mgombea mwingine. Kigezo kikatwe juu ya karatasi iliyokwisha kuchapwa. Anayetaka msaidizi amchague mwenyewe; msimamizi asimpangie.

Mwisho, tangazo la WhatsApp. Matawi mengi hupiga picha barua yenye mhuri na kuitupa kwenye kundi. Programu ya kusoma skrini, ile inayomsomea asiyeona kwa sauti, haioni barua hapo, inasema tu "picha". Andikeni maneno yenyewe kwenye ujumbe, picha ifuate kama mnaipenda sana hiyo mihuri. Faili la PDF lina jaribio lake la sekunde 5: jaribuni kuteua neno moja. Kama hakuna kinachoteuliwa, ni picha iliyovaa nguo za PDF.

---

Hazina_Safi:

Kabla ya senti kutoka, fungueni katiba ya chama kwenye kifungu cha madhumuni. Ada inakatwa kwenye mshahara kwa ajili ya kumtetea mwanachama. Kama katiba haitaji kazi za jamii popote, mwanachama mmoja anaweza kupinga matumizi yote na akashinda. Dawa ni azimio la mkutano mkuu lenye kiwango cha juu cha fedha, muda, na nani anaidhinisha. Mistari yenu miwili haitoshi. Irudisheni mkutanoni ikiwa na tarakimu.

Wekeni fungu kwenye daftari lake, sahihi mbili, mmoja wao asiwe mjumbe wa kamati ya ujumuishi. Msikusanye fedha taslimu kwenye shughuli za jamii. Posho za vikao ziwekewe kikomo tangu mwanzo, maana posho ndiyo panya wa bajeti hizi: inaguguna kidogo kidogo, na ikifika siku ya kumlipa mkalimani mnaambiwa mfuko hauna kitu. Kwa hiyo ukalimani, usafiri wa wanachama wenye ulemavu na uchapaji wa maandishi makubwa (pointi 16 hadi 18) vitengewe kwanza, posho zipate kilichobaki.

Na mwaka wa uchaguzi wa chama, hakuna kugawa kitu chenye sura au jina la kiongozi. Hakuna mjadala hapo.

---

Dawati_la_Jumamosi:

Kwenye upande wa jamii mimi sipendi hizo safari za kupeleka vitu. Wanachama wenu wana kitu ambacho wafadhili hawana: wanajua mifumo. Karani anajua fomu ipi hurudishwa na kwa nini. Muuguzi anajua barua ya rufaa inatakiwa isomeke vipi. Fungueni dawati la kuelekeza watu, mara moja kwa mwezi, saa 3, wahudumu 4, mahali pasipo na ngazi.

Masharti yaandikwe na kubandikwa ukutani: huduma ni bure, hakuna ahadi ya kuharakisha, hakuna kubaki na nakala ya kitambulisho cha mtu, na mhudumu hagusi jambo ambalo yeye ndiye mwamuzi wake kazini. Sharti la mwisho ndilo huvunjwa sana, tena kwa nia njema. Karani anasema "niachie hiyo, Jumatatu nitaipitisha mwenyewe". Hapo dawati limeshakuwa uchochoro, na wiki ya pili foleni itakuwa ya watu wanaotafuta uchochoro, siyo maelekezo.

Kwenye daftari andikeni aina ya tatizo tu, bila jina. Baada ya miezi 6 mna hoja ya mezani. Mathalani mkiona zaidi ya nusu ya waliokuja wamekwama kwenye fomu ileile, hiyo si bahati mbaya ya watu, ni kasoro ya fomu. Pelekeni kwa mwajiri kama hoja ya mazingira ya kazi, kwa sababu anayetukanwa dirishani kwa ajili ya fomu mbovu ni mwanachama wenu.

---

Mjumbe_wa_Tawi:

Ahsanteni sana, tayari nimepata kazi ya wiki mbili. Limebaki swali la idadi. Kuna mjumbe anataka fomu ya wanachama iwekwe kisanduku "Je, una ulemavu? Ndiyo/Hapana". Nimesita.

---

Takwimu_Kimya:

Umefanya vyema kusita. Kisanduku hicho hutoa idadi ndogo kuliko hali halisi, kwa sababu mwenye uoni hafifu au maumivu ya mgongo ya miaka mingi hajiiti mwenye ulemavu, na anayejiita anaogopa karatasi itafika kwa bosi.

Tumieni maswali mafupi 6 ya Kundi la Washington, lililoundwa chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa. Yanauliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni 4: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Anayehesabiwa ni aliyejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" walau mara moja. Neno "ulemavu" halitajwi popote, na ndiyo siri yake. Msiliongeze kwenye kichwa cha dodoso; mtaharibu kila kitu.

Mwishoni wekeni swali moja la kwenu: unahitaji nini ili ushiriki mkutano kikamilifu? Msiulize ugonjwa. Dodoso lisiwe na jina wala namba ya ajira. Na msitoe takwimu za kituo kimoja kimoja: kwenye zahanati yenye watumishi 12, "mmoja ana ugumu mkubwa wa kusikia" ni sawa na kumtaja jina. Toeni jumla ya tawi, na kundi lolote chini ya watu 5 liunganishwe na jingine.

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

Naongeza la mwajiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 27, unataja waziwazi haki ya kushiriki vyama vya wafanyakazi kwa usawa na wengine. Ibara ya 2 inahesabu kumnyima mtu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko ya lazima na yanayowezekana ili naye ashiriki sawa na wengine, kuwa ni ubaguzi. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 111 wa 1958 kuhusu ubaguzi kazini na namba 159 wa 1983 kuhusu ajira za watu wenye ulemavu. Angalieni nchi yenu imeridhia ipi kabla ya kuinukuu mezani.

Lakini kinachomsaidia mwanachama ni kifungu cha marekebisho hayo kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Kiwe na meno: ombi linaweza kuwa la mdomo au maandishi, jibu ndani ya siku 10 za kazi, kukataa kuwe na sababu kwa maandishi, mapitio baada ya miezi 3, taarifa za kitabibu zikae kwa ofisa mmoja tu. Upande wa mwajiri utajaribu kuchomeka "kadiri hali itakavyoruhusu". Maneno hayo matatu yanafuta kifungu kizima.

Jingine linalosahaulika: kifaa. Kompyuta yenye programu ya kusoma skrini inaingizwa kwenye rejesta ya mali ya kituo. Mtumishi akihamishwa, kifaa kinabaki, naye anaanza upya kuomba. Andikeni kwamba kifaa kinamfuata mtumishi, na kituo kinakifuta kwenye rejesta kwa hati ya makabidhiano.

---

Mjumbe_wa_Tawi:

Nimeelewa. Ukumbi tunaotumia una ngazi 3, kila moja sentimita 15. Fundi anasema mbao za mita 2 zinatosha kuweka mteremko.

---

Kipimo_Mkononi:

Hazitoshi hata kidogo. Kimo ni sentimita 45. Kwa mita 2 unapata kama 1 kwa 4.4, kiti kinapinduka kinyumenyume na anayekisukuma anakwenda nacho. 45 mara 12 ni mita 5.4, ongeza sehemu bapa ya mita 1.5 juu na nyingine chini, jumla mita 8.4, na reli za kushikilia pande zote mbili. Kama mbele ya ukumbi hakuna nafasi hiyo, mteremko ukunjwe kwenye kona kwa sehemu bapa nyingine ya mita 1.5. Ila ulizeni kwanza kama moja ya shule zenu ina chumba kikubwa kisicho na ngazi. Kuhamisha mkutano ni bure.