Naomba ushauri: Salar de Uyuni mwezi wa pili

Wakuu, habari zenu. Februari nitakuwa Santa Cruz, Bolivia, kikazi, nami nataka kuiba siku nne nikaione Salar de Uyuni, ule uwanda wa chumvi wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Kinachonitisha ni kimo: mita 3,656, karibu sawa na Horombo kule Kilimanjaro, ambako kichwa kilinigonga hadi nikatapika uji wote. Nilale kwanza Sucre, mita 2,800 hivi, au nipande moja kwa moja?

Halafu ni msimu wa mvua. Maji yakituama juu ya chumvi, mbingu yote inaonekana miguuni (hicho ndicho ninachokitaka), ila yakizidi magari hayafiki kisiwa cha Incahuasi chenye madungusi (cactus) marefu. Waliokwenda, mlivaa viatu gani?