Tumelipishwa kiingilio cha daraja lisilo na kiingilio, na samaki juu!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Jumapili iliyopita tulikuwa sita, wote tumefuata mzigo China, tukabakiwa na siku moja Shanghai. Mbongo mwenzetu anayejiita mwongozaji akasema atatupeleka Zhujiajiao, mji wa kale wa mifereji, tukaone daraja la Fangsheng. Akakusanya yuan 150 kila kichwa: usafiri na "kiingilio cha daraja".

Kiingilio cha daraja! Tumefika, bibi wa Kichina anapita zake na kikapu cha mboga. Geti hakuna, tiketi hakuna. Watu wanavuka hapo bure tangu 1571. Na huo usafiri ni metro, laini ya 17, nauli yuan chache tu.

Daraja lenyewe sina ugomvi nalo. Matao matano ya mawe, urefu mita 70 na ushee, limeinuka katikati mpaka unapanda ngazi unahema. Ubavuni mikomamanga imeota kwenye nyufa za mawe, sijui inakula nini. Mtawa wa Kibudha, Xingchao, ndiye aliyechangisha fedha likajengwa, halafu likajengwa upya 1812. Fangsheng maana yake ni kuwaachia viumbe huru. Chini yake kuvua kulikatazwa, ilikuwa mahali pa kuachia samaki tu.

Sasa ndipo paliponichefua. Wauzaji wamejipanga na visamaki vyekundu kwenye vifuko vya plastiki. Jamaa anatuhimiza: nunueni, mmwage mtoni, mtapata baraka. Nikamuuliza, huyu samaki kafungwa na nani? Si huyuhuyu anayeniuzia? Yaani anatiwa kifukoni ili mimi nilipe atolewe! Wenzangu wawili wakanunua, wa tatu akachukua kabisa kikasa. Ile nageuka, namwona mwongozaji kajibanza nyuma ya simba wa jiwe anapokea chake kwa muuzaji.

Nilipomdai hela ya kiingilio akanijibu, "Kaka, ile ni ya huduma." Huduma ipi? Dakika ishirini darajani, kisha mbiombio kwenye duka la hariri la rafiki yake?

Mnaoishi kule, mtu kama huyu anabanwa wapi? Hata risiti hakutupa, na namba yangu keshaniblock.