Nani kavunja upondo wangu

Ba'mkubwa: Asalam aleikum wana familia. Nauliza kwa upole kabisa, nani kavunja upondo wangu wa kusukumia dau? Natoka msikitini nakuta vipande viwili vimeegeshwa ukutani vimeshikanishwa na kamba ya katani, ka vile mi sina macho

Mama Rama: Waaleikum salam shemeji. Ngoja nimuulize huyu alojificha chooni

Mama Rama: Ni Rama. Anasema alikua anaruka mtaro

Ba'mkubwa: Mtaro!! Si daraja lipo palepale

Bibi: Mtoto kaumia?

Mama Rama: Kachubuka goti tu mama

Mama Rama: ba'mkubwa ni mimi Rama naandika kwa simu ya mama, samahani sana, mi nlikua nafanya ile kuruka kwa upondo ya riadha, nimeona klipu ya Duplantis yule wa Uswidi 2015 kule Cali Kolombia mashindano ya dunia ya vijana, kavuka mita 5.30 akachukua dhahabu na alikua na miaka 15 tu, mi mwenyewe nina 15

Ba'mkubwa: Na huyo Duplantis upondo ulikua wa ba'mkubwa wake?

Shangazi Pangani: 😂😂😂😂

Kassim: Shkamoo ba'mkubwa. Huyo babake mwenyewe alikua mrukaji, dogo kakulia na mafito uani kwao. Walomzunguka pale Cali wengi walikua washafika 17 maana ni mashindano ya chini ya 18. Tokyo 2025 akafika 6.30

Shangazi Pangani: 6.30 ndo kiasi gani Kassim tuambie sie wa huku

Kassim: Chukua nyumba ya bibi kuanzia sakafuni mpaka darini, ipandishe nyingine juu yake, na bado unabakiwa na nafasi

Bibi: Lahaula. Na anaangukia wapi?

Kassim: Kuna godoro bibi, kubwa ka chumba. Mi 2017 nlikua kibaruani Nairobi nikaingia Kasarani siku za yale mashindano ya vijana, ndo yalikua ya mwisho kabisa hayajarudi tena. Vile vijana wanafika na mabegi marefu ya mapondo, mtu mmoja anayo kadhaa, laini na magumu, kila moja na uzito wake, ukikosea kuchagua linakurusha pembeni au halikurushi kabisa. Anakimbia mbiombio, anachomeka ncha kwenye kishimo, upondo unapinda ka upinde wa mshale, yeye anageuka miguu juu kichwa chini, ukinyooka unamtupa

Ba'mkubwa: Wa kwangu mkoko. Mkoko haupindi Kassim, mkoko unasukuma dau

Kassim: Ndo nlitaka kusema hapo. Yao ni faiba. Zamani walitumia mwanzi, kuna Mmarekani Warmerdam 1942 kavuka 4.77 kwa mwanzi mtupu

Ba'mkubwa: Sasa si angechukua mwanzi

Mama Rama: ni Rama tena, ba'mkubwa kwa sheria zao upondo ukivunjika haihesabiki umekosa, unapewa kuruka upya

Ba'mkubwa: Na kwa sheria zao nani ananunua mwengine

Shangazi Pangani: Hapo kakushika mwanangu 😂

Ba'mkubwa: Bamvua ndo hii inaingia nilikua nitoke kesho na mwenzangu, sasa tutasukuma kwa nini, kwa mwiko? Na mkoko siku hizi hukati tu hivi, mpaka kibali

Kassim: Ila ba'mkubwa, sie Waswahili tumezoea kusema hayo si yetu, yetu mbio, Bayi na kina nani. Mbona Okkert Brits wa Afrika Kusini kavuka 6.03 tangu 1995. Kinachotukwamisha ni hilo godoro na hayo mapondo, hata ndege ukitaka kupanda nayo kazi

Bibi: Rama asiruke tena mtaro una chupa

Mama Rama: Nimeshamwambia mama. Upondo nitalipa mimi shemeji nivumilie mwisho wa mwezi

Ba'mkubwa: Sitaki hela yako shemeji. Rama

Mama Rama: naam ba'mkubwa

Ba'mkubwa: Ulivuka?

Mama Rama: mara mbili nlikosa ya tatu nikavuka, upondo ndo ukabaki huku

Ba'mkubwa: Haya. Kesho baada ya alfajiri uje hapa, kuna mzee kule Tongoni ana upondo wa ziada, tutaenda wote na utaubeba wewe begani toka kituoni mpaka pwani. Tena unatembea. Nikikuona unakimbia nao tu, tutaonana