Balozi na Jimi: gumzo la majirani wa Forest Mpya, Mbeya

Jumamosi

Baba Lusajo, saa 1:10 asubuhi
Shikamooni wazee wangu, na habari za asubuhi kwa wengine wote. Naleta jambo ambalo ningependa tulizungumze kabla halijageuka ugomvi. Jana saa 3 usiku, mara tu nilipomfungulia mbwa wangu Jimi, Balozi, paka wa Bibi Tusekile, alikutwa ndani ya stoo yangu ya mahindi, na kilichofuata mlikisikia wenyewe. Jimi amechanwa juu ya kope, Balozi alipanda mparachichi akakaa huko mpaka alfajiri, na mimi nilisimama chini ya mti na tochi, nimejifunga blanketi, katika baridi hii ya Juni ambayo hata maji ya ndoo hayashikiki. Sina kinyongo na paka. Ila hii ni mara ya tatu ndani ya wiki mbili, na naogopa kwamba mara ya nne mti utakuwa mbali.

Bibi Tusekile, saa 1:32 asubuhi
Mwagonile, wanangu. Marahaba, Baba Lusajo, na pole kwa baridi. Balozi amerudi. Anachechemea mguu wa nyuma lakini amekula. Nilimpa jina hilo kwa sababu katika nyumba hizi kumi hakuna asiyoingia, na sijapata kusikia mtu akisema ameibiwa nyama. Anafuata panya, mwanangu, na panya wapo kwako kwa sababu juzi ulishusha magunia ukayalaza sakafuni. Tena jiko lako la nje hubaki na majivu ya moto mpaka usiku, na paka na moto ni ndugu.

Baba Gwakisa (balozi wa nyumba kumi), saa 1:40 asubuhi
Nami niliye balozi kwa kuchaguliwa nilikubali jina langu litumike kwa paka kwa shingo upande, basi naomba angalau asiuawe akiwa na wadhifa huo. Tuendelee kwa utaratibu, mmoja mmoja.

Kijana wa nyumba ya kona, saa 1:58 asubuhi
Mimi naona paka ndiye mwenye makosa, kwa kuwa mbwa alikuwa nyumbani kwake. Nilipokuwa nakaa kwingine watu walikuwa wanatega nyama yenye sumu ya panya juu ya ukuta, na paka wa mtaa mzima wakaisha ndani ya wiki.

Mwalimu mstaafu (msimamizi wa kikundi), saa 2:05 asubuhi
Kijana, nakushukuru kwa kuandika sentensi kamili kama kanuni ya kikundi hiki inavyotaka, lakini hilo la sumu sitaliacha lipite. Nyama uliyotega ukutani haimjui Balozi; inaweza kumwangukia Jimi mwenyewe, au kuku wa Mama Kelvin, au mtoto anayeokota kila anachokiona. Zaidi ya hapo tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inayofanya ukatili kwa mnyama kuwa kosa. Siyo jambo la kutania kwenye maandishi.

Kijana wa nyumba ya kona, saa 2:09 asubuhi
Nimeelewa, Mwalimu. Naomba radhi, hasa kwako Bibi.

Mama Kelvin, saa 2:15 asubuhi
Mimi ninalala ukuta mmoja na banda la Jimi, kwa hiyo nisikilizwe. Kelele haianzi paka anapoingia stoo. Inaanza jioni, paka anapopita juu ya ukuta taratibu kama anayekagua, na mbwa yuko ndani ya banda anamwona asimfikie. Analia, anaruka, anakwangua mbao. Akifunguliwa saa 3 anatoka na hasira za saa tatu nzima.

Mama Atupele (ofisi ya mifugo), saa 3:20 asubuhi
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa machinjioni. Nianze na wagonjwa. Baba Lusajo, mwangalie Jimi jicho lenyewe, siyo kope tu: likiwa jekundu, linatoa machozi au analifumba nusu, mlete leo leo, na tafadhali usimtilie dawa ya macho iliyobaki kabatini kwako, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huharibu jicho lililokwaruzwa. Bibi, mpapase Balozi polepole chini ya manyoya mgongoni, kiunoni na mguuni. Jino la mbwa hutoboa tundu dogo ambalo manyoya hulificha, na baada ya siku mbili au tatu pahali pale huvimba na kutunga usaha.

Swali la pili ni la chanjo. Jimi alichanjwa lini dhidi ya kichaa cha mbwa? Na Balozi je?

Baba Lusajo, saa 3:26 asubuhi
Jimi alichanjwa Septemba mwaka jana, kadi ninayo. Jicho ni safi, nimelitazama kwenye mwanga wa jua.

Bibi Tusekile, saa 3:31 asubuhi
Balozi hajachanjwa kamwe. Nilidhani ugonjwa ule ni wa mbwa, kwa sababu jina lake linasema hivyo.

Mama Atupele, saa 3:48 asubuhi
Jina linawapotosha wengi, Bibi. Paka huupata kwa kung'atwa, kisha huweza kumwambukiza binadamu, kwa hiyo naye huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Nitapita kwako Jumatatu. Na kwa wote: mtu aking'atwa au kukwaruzwa na mnyama asiyejulikana hali yake, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu dalili zikishaonekana hauna tiba, kwa hiyo kusubiri kuona kama kidonda kitapona ni kucheza na kaburi.

Sasa la ugomvi wenyewe. Jimi hamchukii Balozi kama mtu anavyomchukia mdeni wake. Mbwa ameumbwa kufukuza kinachokimbia, na paka ameumbwa kukimbia. Kila Balozi anapotimua mbio, Jimi hupata mchezo ulio mtamu kuliko ugali wenu wa jioni, na mara tatu za mchezo huo zinamfundisha zaidi ya tutakavyoweza kumfundisha sisi kwa mwezi. Kwa hiyo la kwanza ni kuhakikisha hawakutani bila mtu, na hapo saa ndizo zinazotuumbua. Paka huzunguka zaidi magharibi na alfajiri. Jimi anafunguliwa usiku na kurudishwa bandani kumekwisha kucha. Ni kama mnawapangia miadi.

Napendekeza hivi. Bibi ampe Balozi chakula chake kikuu saa 12 jioni, kisha amfungie ndani. Baba Lusajo amrudishe Jimi bandani saa 12 asubuhi kabla Balozi hajatolewa. Upande wa banda unaoelekea ukuta uzibwe kwa mbao au gunia, ili Jimi asimwone mkaguzi akipita.

Bibi Tusekile, saa 4:02 asubuhi
Binti yangu, paka akilala jikoni nani atakamata panya?

Mama Atupele, saa 4:06 asubuhi
Mlaze kwenye stoo yako ya mahindi, Bibi. Atakuwa amefungiwa na atakuwa kazini.

Bibi Tusekile, saa 4:08 asubuhi
Hapo umenipata. Ila itabidi aje kula kwanza, maana Balozi haji kwa kuitwa, anakuja kwa usipa wa Kyela tu, wale samaki wadogo.

Baba Lusajo, saa 4:15 asubuhi
Na panya wa kwangu watabaki na nani?

Baba Gwakisa, saa 4:22 asubuhi
Watabaki na wewe, jirani. Paka akiondoka panya hutawala, hilo tunalijua, lakini stoo yako nimeiona. Magunia yamegusa sakafu na kuta zote mbili, na mlango unaacha nafasi ya vidole vitatu chini. Tengeneza kichanja, uyaweke magunia juu yake mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio, na kila mguu wa kichanja uuvishe bati lililokunjwa kama faneli iliyoinamishwa, ili panya anayepanda afike akwame. Ya kula ya mwezi mmoja yatie kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Na kama utatumia sumu ya panya, kumbuka kwamba panya aliyekwisha kula sumu hutembea akiyumba, na paka humkamata kirahisi akafa naye. Tutakuwa tumerudi pale pale kwa njia nyingine.

Kijana wa nyumba ya kona, saa 4:30 asubuhi
Naomba kuuliza bila nia mbaya. Kwa nini wasiwekwe pamoja ndani ya uzio siku moja, wapigane mpaka wachoke, halafu wazoeane wenyewe?

Mwalimu mstaafu, saa 4:41 asubuhi
Nikujibu mimi, kwa kuwa nina kovu. Nilipokuwa nafundisha Tukuyu nilikuwa na mbwa, na mke wangu akaleta paka. Nilifikiri nikimpakata paka mikononi na kumsogeza puani kwa mbwa, wataelewana kwa heshima yangu. Paka hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa juu ya kichwa changu, akapita kwenye mkono na shavu, na Jumatatu niliingia darasani nikiwa na plasta tatu. Wanafunzi hawakusoma chochote siku ile. Miaka mingi baadaye bado wapo watakaokueleza habari hiyo kabla ya kukueleza ngeli.

Mama Atupele, saa 5:05 asubuhi
Mwalimu ameeleza vizuri kuliko kitabu. Mnyama aliyelazimishwa hujifunza kwamba mwenzake huleta maumivu. Kwa sababu hiyo hiyo Jimi asipigwe fimbo kila anapombwekea Balozi. Atafikiri kipigo kinatoka kwa paka, na kesho atambwekea mapema zaidi ili amwondoshe kabla fimbo haijafika.

Mazoezi yaanze na harufu. Bibi atoe kitambaa ambacho Balozi hulalia, Baba Lusajo akiweke karibu na chakula cha Jimi kwa siku nne au tano, naye ampelekee Bibi gunia alilolalia Jimi. Baada ya hapo, mfunge Jimi kwa kamba imara, siyo mnyororo, usimame naye mbali, hata hatua thelathini, wakati Balozi ameketi kwenye kibaraza cha Bibi akila. Uwe na firigisi za kuchemsha ulizokatakata ndogo kama punje za mahindi. Mtazame Jimi, usimtazame paka. Akimwona paka kisha akageuza uso kwako, mpe kipande papo hapo. Akiwa amekakamaa, mdomo umefungwa, masikio mbele, macho hayapepesi, basi umesogea mno. Rudi nyuma mpaka mwili wake ulegee. Dakika 5 zinatosha, mara mbili kwa siku. Usisogee hatua moja mbele mpaka hatua uliyopo imekuwa jambo la kawaida kwake kwa siku kadhaa.

Nisiwadanganye, wako mbwa ambao hawataweza kuachwa peke yao na paka maisha yao yote, hasa waliokwisha kuua. Jimi hajaua, na ana miaka miwili tu, kwa hiyo nina tumaini, lakini ninachowaahidi ni amani ya ukutani, siyo urafiki.

Baba Lusajo, saa 5:20 asubuhi
Nimepokea yote. Naomba tu Mama Kelvin anivumilie kelele za wiki hii.

Mama Kelvin, saa 5:21 asubuhi
Nimevumilia miezi. Wiki ni ndogo.

Jumatatu ya wiki iliyofuata

Mama Atupele, saa 11:40 jioni
Balozi amechanjwa na kupewa dawa ya minyoo, na mguu haujavunjika, ulikuwa umeteguka kidogo. Jambo moja la ziada, nalisema kwa idhini ya Bibi: Balozi ni jike, na kwa bahati hana mimba. Tumekubaliana afungwe kizazi, kwa kuwa paka hubeba mimba kwa takriban siku 63 hadi 65 tu, na tusipofanya hivyo mwaka huu huu nyumba kumi zitakuwa na mabalozi kumi.

Baba Gwakisa, saa 11:44 jioni
Miaka miwili nimefananishwa na paka jike na hakuna aliyeniambia.

Jumapili, wiki ya tano

Baba Lusajo, saa 2:30 asubuhi
Shikamooni. Natoa taarifa niliyoahidi. Tumefika hatua nane kutoka kwenye kibaraza. Wiki ya pili tulirudi nyuma kabisa, kwa sababu mwanangu aliacha geti wazi, Balozi akakatiza mbio, na Jimi akaniburuta mpaka kwenye mtaro; firigisi zote zilimwagika na kuku wa Mama Kelvin wakazimaliza. Tangu hapo geti lina komeo la juu. Jana Balozi alipita ukutani, Jimi akamtazama, akanguruma kidogo, kisha akageuka kunitazama mimi akitafuta malipo yake, wakati mfukoni nilikuwa sina kitu. Nilikimbia ndani nikampa kipande cha samaki. Bado simwachi bila kamba paka akiwa nje.

Mama Kelvin, saa 2:41 asubuhi
Nathibitisha kwamba siku kumi sasa nimelala mpaka adhana ya alfajiri.

Bibi Tusekile, saa 2:55 asubuhi
Ndaga fijo, asante sana, Baba Lusajo. Balozi naye amezoea stoo, wiki hii amenipangia panya wanne mlangoni kama risiti. Ila baridi bado ipo na kile kitambaa nilichokupa ndicho alichozaliwa juu yake. Kama zoezi la harufu limekwisha, naomba unirudishie.

Baba Lusajo, saa 3:02 asubuhi
Bibi, nimejaribu tangu juzi. Jimi amekivuta mpaka ndani kabisa ya banda, anakilalia, na nikinyoosha mkono ananionyesha meno. Mama Atupele, naomba ushauri.