Gari la milioni 3.9 limerudi gereji mara 5. Sasa nalikataa, na sheria yetu inanichosha

Wadau, nimekaa na hasira hii wiki mbili kabla ya kuandika, maana sikutaka kuandika matusi. Hasira bado ninayo, ila sasa nina karatasi pia mkononi.

Mwezi wa pili mwaka huu mimi na mume wangu tulinunua gari jipya kabisa. Si mtumba wa Japani, si la mkononi. Ziro kilomita, nailoni bado kwenye viti. Bei shilingi 3,900,000. Milioni 1.5 ilikuwa akiba yetu ya miaka, na milioni 2.4 ni mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara wangu kabla sijauona. Mimi ni mwalimu. Wadhamini wangu wanne ni walimu wenzangu, na kila asubuhi nikishuka matatu kwenye lango la shule wananiuliza kwa upole, "Mwalimu, gari bado?" Upole wao ndio unaniumiza zaidi.

Tulinunua jipya kwa sababu moja: tulichoka na gereji. Miaka 9 tuliishi na mtumba, na fundi wetu wa Kirinyaga Road akawa kama mtu wa nyumbani. Tukasema, tujinyime, tununue kitu ambacho kwa miaka mitatu hatutaliona jeki.

Siku ya 19. Thika Road, hapo Roysambu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua inanyesha. Taa ya injini ikawaka, gari likatingishika kama limegonga kitu, gia ikakwama. Nikikanyaga mafuta injini inalia lakini mwendo haupiti kilomita 40 kwa saa. Niko njia ya kulia, lori liko nyuma yangu linapiga honi, watoto wangu wawili wako kiti cha nyuma. Sijui nilivukaje njia tatu kufika pembeni. Binti yangu alinishika bega akaniambia, "Mama, tushuke." Tukashuka, tukasimama kwenye mvua.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Shoruomu (siitaji jina hapa, mawakili watalitaja panapohusika) wakalibeba, wakakaa nalo siku 4, wakasema programu ya kompyuta ya gia imesasishwa. Nikashukuru. Nikasaini. Mara ya pili siku 9: "Madam, ni mafuta, badilisha petroli stesheni." Nikabadilisha. Mara ya tatu siku 17, wakatoa kifaa fulani ndani ya giaboksi wakaweka kingine. Mara ya nne siku 11, na kadi ya kazi ikaandikwa kwamba limekaguliwa na liko sawa. Liko sawa! Nilitoka nalo getini, likakwama kabla sijafika mzunguko wa barabara. Mara ya tano siku 22, "tunasubiri jibu kutoka kiwandani, ng'ambo."

Jumla siku 63 kati ya miezi minane. Limetembea kilomita 6,800 tu. Ada ya teksi na matatu nimeiandika kwenye daftari tangu mara ya pili, na makato ya sacco hayajakosa hata mwezi mmoja.

Safari ya tano nilimwambia meneja wa huduma silitaki tena gari hili, nataka pesa zangu au gari lingine. Alinitazama kwa utulivu akasema, "Lakini madam, si linatembea? Na uko ndani ya waranti, tutakutengenezea bure hata mara 20."

Mara 20. Hapo ndipo nilipompigia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ni wakili. Nilidhani atanituliza. Alichoniambia ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu nina hakika wengi wenu hamkijui, kama mimi nilivyokuwa sikijui.

"Shemeji, umekuwa mpole mno. Kila ulipopokea gari, ukasaini, ukaendelea kuendesha bila kuandika kwamba unalikataa, ulikuwa unapunguza haki yako mwenyewe."

Nisikilizeni vizuri hapa. Sheria yetu ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ni nakala ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Ya wakati wa mikokoteni. Kifungu cha 16 kinasema ukinunua bidhaa kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, kuna sharti hata kama halikuandikwa popote: bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Sharti likivunjwa unaweza kuikataa bidhaa na kudai bei yako yote. Hapo ni pazuri. Lakini ukishahesabiwa kuwa "umeikubali" bidhaa, haki ya kuirudisha imekwisha, umebaki na kudai fidia tu. Na kuikubali hakuhitaji useme "nimekubali". Inatosha ukae nayo kwa muda wa kadiri bila kumjulisha muuzaji kwamba unaikataa. Muda wa kadiri ni siku ngapi? Sheria haisemi. Hakimu ndiye atakayeamua, baada ya wewe kuwa umeshapoteza miezi.

Shemeji alinipa kesi moja ya Uingereza ya 1987, Bernstein dhidi ya Pamson Motors. Mtu kanunua Nissan mpya, injini ikafa barabarani baada ya wiki tatu na maili 140, yaani kama kilomita 225. Mahakama ikakubali kwamba gari halikuwa na ubora wa kuuzwa, kisha ikasema mwenyewe amechelewa kulikataa. Wiki tatu! Mahakama zetu hazifungwi na hukumu za kule, lakini kwa sheria iliyonakiliwa mstari kwa mstari mawakili wa upande wa pili watazibeba hadi mahakama za Milimani, Nairobi.

Kinachonikera hasa ni hiki. Waingereza wenyewe waliona aibu, mwaka 1994 wakarekebisha sheria yao: kuomba gari litengenezwe, au kukubali litengenezwe, peke yake hakumaanishi umelikubali. Sisi tulibaki na ile ya babu zao. Kwa hiyo mteja mstaarabu wa Nairobi, anayempa muuzaji nafasi ya kurekebisha kosa lake, ndiye anayeadhibiwa. Na shoruomu wanalijua hilo. "Vumilia kidogo madam" ni maneno ya adabu, lakini kila wiki ninayovumilia inafanya kazi upande wao.

Nao wakikuambia "si linatembea", kuna kesi nyingine ya mwaka huohuo 1987, Rogers dhidi ya Parish, ya Range Rover mpya. Mahakama ya Rufani ilisema gari jipya halipimwi kwa kukufikisha tu unakokwenda. Linapimwa pia kwa starehe, urahisi wa kuendesha, kutegemeka, hata fahari ya mwenyewe kwa jinsi linavyoonekana, kulingana na bei aliyolipa. Na waranti ya kiwandani inaongeza juu ya haki za mnunuzi, haizipunguzi. Nilipomsomea meneja sehemu hiyo alinyamaza, akasema atauliza ofisi ya sheria.

Jambo jingine wanalotuchanganya nalo: "hili ni suala la mtengenezaji." Hapana. Mimi sikusaini chochote na kiwanda. Nilimlipa muuzaji, stakabadhi ina muhuri wake, na sharti la ubora linamfunga yeye. Agombane na kiwanda baadaye, kwa muda wake.

Katiba ya 2010 kifungu cha 46 inanipa haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikaja kuongeza nguvu: muuzaji anahesabiwa kuwa ameahidi ubora hata akikaa kimya, na haki zilizo ndani yake haziwezi kufutwa na maandishi madogo uliyosaini dirishani. Kama uliingia mkataba kwa kuelezwa uongo kuhusu gari, unaweza kuuvunja, lakini ilani itolewe ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba. Mwaka mmoja, wadau. Mtu anayezungushwa gereji mara tano anaumaliza bila kujua. Kudai fidia kwa kuvunjwa mkataba kuna miaka 6, na watu husikia hiyo 6 wakalala, wasijue kwamba kulirudisha gari lenyewe ni saa nyingine inayokwenda mbio zaidi.

Sasa angalieni wenzetu. Marekani gari la namna hii wanaliita limau, na jimbo la Connecticut lilipitisha sheria ya malimau mwaka 1982, na leo inasema hivi: ndani ya miaka miwili au maili 24,000 za mwanzo, kasoro ileile ikishindikana mara nne, au gari likikaa gereji jumla ya siku 30, mnunuzi anastahili gari jingine au pesa zake. Mimi nina mara 5 na siku 63. Ufilipino, ambao si matajiri kutuzidi kwa mbali, waliweka yao 2014: miezi 12 au kilomita 20,000, mara nne. Afrika Kusini ndani ya miezi sita mteja ndiye anayechagua, kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa, na kasoro ikirudi ndani ya miezi mitatu baada ya matengenezo, matengenezo tena hayamo. Uingereza tangu sheria yao ya 2015 una siku 30 za kulirudisha moja kwa moja, na baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja ya kurekebisha. Moja! Na kasoro ikitokea ndani ya miezi sita inahesabiwa ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo.

Hapa kwetu anayedai ndiye anayethibitisha. Mimi mwalimu wa Kiswahili na Historia nitathibitishaje kilichomo ndani ya giaboksi? Ndiyo, nimetafuta mkaguzi huru, nimemlipa mwenyewe, na ripoti yake ninayo. Lakini kwa nini mzigo huu ni wangu, wakati mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kumbukumbu zote na mafundi wote ni wao?

Ninachotaka kutoka Bunge ni namba tu. Mara ngapi, siku ngapi. Mtu aweze kuhesabu kwa vidole akiwa amesimama kaunta, bila shemeji wakili.

NYONGEZA, Jumamosi jioni: Nimesoma majibu yenu yote, asanteni. Kwa ndugu aliyesema niende Mahakama ya Madai Madogo: nilifikiria. Ipo Milimani tangu 2021, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, na kwa mtu anayedai gharama za teksi, matengenezo au thamani iliyoshuka ni mahali pazuri sana. Lakini mwisho wake ni shilingi milioni moja. Mimi nadai bei ya gari zima, kwa hiyo ni mahakama ya hakimu ya kawaida. Kwa dada aliyeuliza kuhusu Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ndiyo, wanapokea malalamiko ya wateja chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, na yangu yanakwenda huko wiki hii pamoja na nakala za kadi zote tano.

Na kwa yule mzee aliyeniambia "uza tu, mtupie mwingine": mzee wangu, kwa heshima, hapana. Nimtupie nani? Mwalimu mwingine mwenye wadhamini wanne? Gari hili lilikwama na watoto ndani katikati ya malori. Siwezi kumkabidhi mtu funguo huku nikijua.

Wenye gari jipya linalosumbua, fanyeni hivi leo, si kesho. Msipokee kadi ya kazi ambayo haina malalamiko yenu kwa maneno yenu wenyewe, na tarehe ya kuingia na ya kutoka. Mkiona kasoro ileile imerudi, andikeni barua, hata ya mistari mitano: nalikataa gari hili kwa kasoro hii, nataka bei yangu. Ipigwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya hapo msiliendeshe. Langu liko kwenye uwanja wao tangu Jumatano na funguo nimewaachia mezani.

Kuna mtu humu ameniandikia faraghani kwamba ana modeli hiihii, ya mwaka huuhuu, na gia inafanya hivyohivyo. Kama mko wengine, hasa wenye kadi zilizoandikwa "liko sawa", niandikieni. Barua yangu ya kulikataa inapelekwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Mume wangu atakuwa nami, na hatutoki pale kaunta bila muhuri.