Siku ya theluji ukubwani: bado mnaifurahia?

Mama_Wawili:
Habari wakuu. Nimekulia kwenye theluji na bado naishi nayo. Utotoni nilikuwa naamka kabla ya wote, nachungulia dirishani, kisha natega sikio redio itaje shule zilizofungwa. Ikitajwa ya kwetu, tayari nimevaa buti juu ya nguo za kulalia. Tuliteleza mlimani mpaka vidole vikafa ganzi, tukaingia kuanika glavu, tukatoka tena. Siku hizi ikianguka nawaza gari lililofukiwa na njia ya kusafisha. Hata shule ikifungwa, wanangu wanasoma kwa video na mimi nafanya kazi kwa intaneti. Sitaki kuzoea hali hii. Nyinyi watu wazima mnaifurahiaje?

Koleo_Baadaye:
Dada, toka nje kabla hujashika koleo. Theluji iliyoanguka muda si mrefu ni hewa tupu kwa sehemu kubwa, mara nyingi asilimia 90 au zaidi, na mianya hiyo inameza sauti. Kile kimya cha alfajiri tulichokipenda utotoni kipo kweli. Lakini upepo ukivuma, jua likipiga, inashindiliwa na kimya kinakwisha. Ukianza na gari, umeshakikosa. Mimi utabiri ukitaja theluji, buti zinalala mlangoni.

Halafu ishike mkononi. Joto likiwa karibu na nyuzi 0, theluji ina majimaji kidogo na inashikana: hiyo ni ya kurushiana na kuunda mtu wa theluji. Baridi ikizidi, inachuruzika vidoleni kama unga, na ukiikanyaga inalia. Hiyo ni ya kutembea tu, tena mbali. Nimeona wazazi wakihangaika kufinyanga theluji kavu, watoto wanachoka, wote wanarudi ndani wamenuna. Theluji yenyewe ndiyo inayochagua mchezo.

Koleo lije baadaye. Sukuma badala ya kuinua, kidogo kidogo, na mwenye matatizo ya moyo amwachie mwingine, maana kazi ile kwenye baridi imeua watu.

Zamu_ya_Usiku:
Mimi ni muuguzi, na wodi haifungwi kwa theluji. Siku hizo natoka nyumbani mapema zaidi na wakati mwingine narudi nimechelewa, kwa kuwa mwenzangu wa kunipokea amekwama njiani. Furaha yangu ni nikitoka zamu: napita uwanja wa watoto na kusimama kuwatazama wakiteleza. Mama Wawili, ukipata hata nusu saa, itumie. Wengine tunaitamani.

Kitambaa_Cheusi:
Sisi nyumbani tunadaka chembe za theluji. Mimi na binti yangu tunatoka na kitambaa cheusi na kioo cha kukuzia. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, alianza kuzipiga picha kwa hadubini mwaka 1885, akafikisha zaidi ya 5,000 kabla ya kufariki mwaka 1931. Mjapani Ukichiro Nakaya akaunda chembe ya kwanza maabara mwaka 1936, akaonyesha kuwa umbo hufuata joto na unyevu wa hewa. Karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri huota sindano, karibu na 15 chini ya sifuri nyota pana zenye matawi sita. Kwa hiyo binti yangu akidaka nyota, ananiambia mawinguni kulikuwa na baridi kiasi gani. Utotoni sikuyajua haya, na ndiyo maana nasema theluji ya ukubwani ina utamu wake.

Mama_Wawili:
Asanteni sana. Dada muuguzi, Mungu akutie nguvu. Theluji inatarajiwa usiku wa kuamkia kesho, nimeshaomba kazini nianze saa moja baadaye. Kitambaa kiwe cha aina gani?

Kitambaa_Cheusi:
Cheusi chochote chenye vinyweleo, sufu inafaa sana. Kiache nje kipoe kwanza, kikitoka ndani na joto lake chembe inayeyuka papo hapo. Na mwambie mtoto asiipumulie.