Fani ya pili ya kuambatana na uhandisi wa umeme

Swali, Chumbageni, Tanga:
Shikamooni wakubwa. Naanza shahada ya uhandisi wa umeme Marekani na chuo kinaruhusu fani mbili. Nataka nirudi kufanya kazi Tanga, kiwanda cha saruji au bandarini. Nichukue hisabati, fizikia au kompyuta?

Jibu:
Marahaba mwanangu. Kwanza weka orodha mbili za masomo pamoja, futa yanayojirudia, hesabu yaliyobaki. Hisabati kwa kawaida hubakiza machache, maana kalkulasi na milinganyo tofautishi utazisoma tu. Angalia masomo yanayofungana: ukikosa la mwanzo, la mwaka wa 3 linasogea na kugongana na maabara za umeme. Hapo ndipo mwaka mzima huongezeka.

Jibu:
Kwa saruji, chukua kompyuta. Mota za kiwandani huongozwa kwa PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo, na vifaa vya kubadili masafa ya umeme. Mota ya nguzo 4 za sumaku kwenye masafa ya 50 Hz ina kasi sawia, yaani kasi ya uga wa sumaku unaozunguka ndani yake, ya mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwenye 25 Hz ni 750. Lakini volteji nayo ishuke kwa uwiano huohuo, la sivyo chuma hushiba sumaku, mkondo unapanda, koili zinaungua. Uwiano huo umewekwa ndani ya programu, kwa hiyo anayeielewa ndiye anayeona kosa. Fizikia inamfaa zaidi mtu wa semikondakta, yaani malighafi ya chipu za elektroniki.

Jibu:
Naunga mkono kompyuta. Ila alama za umeme zikianza kushuka, iache fani ya pili mapema, ubaki na masomo manne matano ya programu.